Kadi ya POST ya sloti ya ISA: imenifufulia 486 ya marehemu baba

Kadi hii ya POST, yaani ya kuonyesha kompyuta inavyojikagua inapowaka, huchomekwa kwenye ISA, sloti ya kadi ya kompyuta za zamani. Nimeinunua Kariakoo kwa shilingi elfu 28, kwa ajili ya mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) moja tu: ya prosesa ya 486DX2 ya megahezi 66, iliyokuwa ofisini kwa marehemu baba. Mashine ile ndiyo iliyonifundisha kuchapa. Ukiiwasha feni inazunguka, kioo cheusi, hakuna hata mlio. Mafundi wawili waliniambia niitupe.

Kompyuta inapowaka, BIOS, programu ya kuwashia iliyo kwenye chipu ya bodi, huikagua mashine hatua kwa hatua, na kila hatua hutuma namba kwenye mlango wa 80 wa heksadesimali (hesabu ya msingi wa 16). Kadi inaidaka na kuionyesha kwa tarakimu mbili nyekundu. Mashine ikigoma, namba ya mwisho ndiyo inayokwambia imekwama wapi.

Ila jamani, msikimbilie tarakimu. Tazameni kwanza zile taa ndogo za pembeni: volti 5, 12, hasi 12, hasi 5, mapigo ya saa (yanayoongoza mwendo wa prosesa), riseti (ishara ya kuanza upya). Kwangu volti zote ziliwaka na mapigo yalikuwepo, lakini tarakimu zikabaki vistari viwili. Yaani umeme umefika, prosesa haipati cha kusoma. Nikaacha kuishuku saplai ya umeme, nikachukua tochi.

Jirani na tundu la kibodi palikuwa na betri ya pipa ya kutunza saa na mipangilio, nikeli na kadimiamu, volti 3.6, imevuja. Magadi yake yalikuwa yametambaa kama ukungu wa kijani hadi kwenye miguu ya chipu ya BIOS. Nikaikata betri, nikasugua kwa mswaki na siki, nikasuuza kwa spiriti, nikaacha ikauke mpaka kesho yake. Kisha nikaweka mita kwenye mlio, ambapo hulia njia ya umeme ikiwa nzima, nikapima njia moja moja. Mbili hazikulia. Kwa macho zilikuwa nzima kabisa. Nilipokwangua kwa ncha ya wembe, chini ya rangi shaba ilikuwa imegeuka unga mweusi. Nikaziunga kwa nyuzi za ndani ya waya wa chaja ya simu.

Nikawasha. Tarakimu zikaanza kukimbia, zikasimama kwenye C1. BIOS yangu ni ya kampuni ya Award, na kwa Award C1 ni memori. Bodi hii inataka vipande vinne vya memori vya pini 30 kwa pamoja, maana kila kimoja hubeba biti 8 na prosesa inasoma 32. Kimoja kikikosa mguso, vyote havina kazi. Nikavisugua miguu kwa kifutio cha penseli. Saa nne usiku kioo kikaanza kuhesabu memori. Nilimwamsha mama aje aone.

Kasoro zipo. Kijitabu cha kadi hakielezi kabisa vile vistari viwili. Halafu upande wa ISA wa kadi unaingia kwenye sloti hata ukiugeuza, na ukigeuza unaunguza. Mimi nimepaka rangi ya kucha upande unaotazama nyuma ya kasha. Ukitumia saplai mpya ya ATX (aina iliyokuja baada ya hizi za zamani) kwa adapta, taa ya hasi 5 haitawaka, usihangaike nayo, nyingi hazina volti hiyo.

Nyota nne kati ya tano. Betri mpya msiichomelee pale pale. Yangu ni betri tatu za tochi kwenye kishikio, na dayodi (hupitisha umeme upande mmoja tu) ili bodi isizichaji, nimezifunga kwa waya chini kabisa ya kasha, mbali na kila chipu.