Daraja la Mostar na ujumbe wa vitunguu

Nimengoja siku kadhaa nikidhani hasira zitapoa. Hazijapoa, basi naandika.

Juzijuzi hapa Lamu ilionyeshwa filamu ya hali halisi ya wachoraji wa vibonzo wanaozunguka Bosnia, miaka mingi baada ya vita vya 1992 hadi 1995. Ilikuwa uani mwa nyumba moja ya kale, kiingilio si haba. Nilimchukua mtoto wa kakangu, ambaye daftari zake za shule zina majahazi mengi kuliko hesabu.

Filamu yenyewe, haki ya Mungu, tamu. Hawa hawamsogezei mtu kipaza sauti mdomoni. Wanakaa, wanachora, na mwenyeji akiona uso wake unatokea karatasini anaanza kusimulia mwenyewe. Sarajevo kuna mashimo ya makombora barabarani yaliyojazwa resini nyekundu, wenyewe huyaita mawaridi. Mchoraji akapiga magoti achore waridi moja, watu wanampita na mifuko yao ya soko. Ua mzima kimya. Mara, ukutani, juu ya waridi: "Usisahau vitunguu. Na pampasi." Mwendeshaji kaunganisha projekta na kompyuta yake mwenyewe, WhatsApp iko wazi!

Hilo ningelisamehe. Nyumba ni nyumba.

Kisha Mostar. Daraja la mawe la 1566, likaangushwa kwa mizinga 1993, likafunguliwa tena 2004. Vijana wanajirusha kutoka juu hadi mto Neretva. Mtoto akacheka, "Shangazi, kama sisi pale gatini!" Mchoraji akaanza tao lenyewe, unaona mkono tu na kalamu inapanda, inapanda... picha ikakwama. Jamaa akabofyabofya, akaruka mbele, na mchoro tukaukuta umeshakwisha. Mtoto akanyanyua mkono kwa adabu: "Shikamoo. Tafadhali turudishie kidogo tuuone ule mkono."

"Hapa si mkahawani, huagizi."

Wageni wa viti vya mbele wakacheka, nadhani bila kuelewa. Mtoto akainamisha kichwa, hakukiinua tena.

Tangu hapo kila kitu kilinichusha. Hata wale wachoraji nikawaona wanajisemea mno, waliofikwa na vita wanapewa upenyo tu. Pengine nawaonea. Nusu ya pili nilikuwa namtazama mwendeshaji, si ukuta.

Nyota moja. La, filamu nne, huduma sifuri. Ikiletwa tena sendi, hata bure. Ila mtoto kila siku ananiuliza itarudi lini, kwa hiyo mkiniona pale msinicheke.

Asubuhi yake nilimpita yule bwana sokoni mbele ya Ngome, kikapu mkononi. Sikumsalimu, lakini nilichungulia: ndimu, mchicha, nyanya. Kitunguu hata kimoja.