Pekinška Patka na Goblini: Vizazi Viwili vya Panki ya Serbia

Bendi ya panki, roki ya kasi na ukali, iitwayo Pekinška Patka, yaani Bata wa Peking, iliundwa katika mji wa Novi Sad, Serbia, mwaka 1978, na albamu yake ya kwanza, Plitka poezija, ilitolewa mwaka 1980 na kampuni ya muziki ya Jugoton ya Zagreb, Kroatia, wakati Yugoslavia ingali nchi moja yenye soko moja la muziki. Goblini, bendi nyingine ya panki, kwa upande wao, walianza katika mji wa Šabac, pia Serbia, mwaka 1992, mwaka uleule ambao Umoja wa Mataifa uliiwekea vikwazo nchi yao, iliyokuwa imebaki Serbia na Montenegro tu. Mfumuko wa bei uliofuata ulifanya mshahara uyeyuke kabla ya kufika sokoni.

Kwa ujasiri wa kisanaa, naipa Patka nafasi ya mbele: katika albamu ya pili, Strah od monotonije ya mwaka 1981, iliacha mzaha na kasi iliyoipa umaarufu, ikageukia sauti nzito zenye kiza, kisha ikavunjika mwaka huohuo. Goblini hawakugeuka kwa kiasi hicho, lakini walidumu hadi 2001, na katika miaka ile kudumu pekee hakukuwa jambo dogo.