Kilwa Kisiwani: mwongozaji simtaki tena, nahodha namtaka

Kilwa Kisiwani, kile kisiwa cha magofu ya mji wa kale kusini mwa pwani ya Tanzania, nendeni. Ila mwongozaji aliyetutembeza sisi, mkipangiwa yeye, kataeni hapohapo gatini.

Habari za msafiri Ibn Battuta kufika mwaka 1331 anazo kichwani, za Wareno kuupora mji mwaka 1505 anazo pia, anazimwaga bila kuvuta pumzi. Sawa, lakini hizo hata mtoto wa darasa la saba anazijua. Tulipofika Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, binti mmoja wa sekondari, mpole, daftari mkononi, akauliza: "Samahani kaka, mbona vyumba ni virefu lakini vyembamba hivi? Sultani si angejenga ukumbi mpana?"

Siku nzima halikuulizwa swali zuri kuliko hilo. Jamaa hata usoni hakumtazama. "We binti, umekuja kutembea au kufanya mtihani?" Wawili watatu wakacheka. Binti akafunga daftari. Sisi tukaswagwa kama ng'ombe wa mnadani kwenda kupiga picha.

Nilichemka, na mpaka leo sijapoa. Mtu analipwa kwa kazi moja tu, kueleza, halafu anamnyamazisha anayetaka kuelezwa! Magofu ya Gede nimetembea, Songo Mnara nimetembea, vyumba vyembamba vilevile nimeviona, na hakuna aliyewahi kunigusia jambo hilo.

Jibu alikuwa nalo nahodha wa mashua iliyotuvusha, mzee wa palepale kisiwani, ambaye tangu asubuhi hakuna aliyemuuliza neno. Alimsikia binti akininong'oneza, akamwita. "Njoo mjukuu wangu. Dari ya zamani inalala juu ya boriti za mikoko. Boriti inakupa mita mbili na nusu, ikizidi sana tatu. Inapoishia, hapo ndipo ukuta wa pili usimame. Urefu wa chumba ongeza utakavyo, upana ameshaukata mkoko."

Basi! Sentensi chache, jumba zima likafunguka. Akaongeza kwamba boriti hizohizo majahazi yalizipeleka hadi Oman na Ghuba, kwenye nchi zisizo na miti ya kujengea. Na yale matumbawe ya nakshi, alisema, huchongwa yakiwa mabichi, yametoka tu baharini, laini, yakishakauka yanakaza. Binti aliandika mpaka tukafika ng'ambo, na mzee alimngoja kila alipochelewa.

Nilikuwa nimeshaamua nyota moja. Kwa nahodha yule peke yake natoa tano, kwa hiyo safari nzima niseme nne. Hapana, nikikumbuka daftari lile lilivyofungwa, nne ni nyingi mno. Mbili, na zote mbili za mzee. Ile bahashishi tuliyomchangia mwongozaji ndiyo inayoniuma zaidi, maana nahodha tulimshukuru kwa mdomo tu. Mkienda, mlipeni vizuri.