MoMA New York: dola 30 kumuona ndege asiye na mabawa

Wadau mlioko New York au mnaopita, naulizwa sana kama MoMA, lile jumba la makumbusho ya sanaa za kisasa, inalipa, maana tiketi ya mtu mzima dola 30 sio mchezo. Inalipa, ila usiingie kichwa kichwa eti umalize floo zote, utatoka miguu imevimba na hukumbuki hata kitu kimoja. Mimi huwa napanda moja kwa moja floo ya tano kwa Brancusi, yule mchongaji wa sanamu Mromania.

Pale kuna Ndege Angani wa 1928. Shaba imesuguliwa mpaka inang'aa kama kioo, urefu sentimita 137, hana bawa, hana mguu, hana manyoya, ni umbo tu linapanda, linanenepa kidogo katikati halafu juu limekatwa mshazari. Ukisogea karibu sura yako inavutika humo ndani inakuwa ndefu nyembamba, ukirudi nyuma hatua mbili huioni tena. Watu wanapiga selfi wanasepa. Sema bila stori ya Steichen utakuwa umeona nusu.

Edward Steichen alikuwa mpiga picha, kazaliwa Luxembourg kakulia Marekani, na alikuwa ananunua kazi za Brancusi kipindi ambacho wengi walikuwa wanazicheka. Walijuana Paris kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na 1914 yeye ndiye alihangaika mpaka Brancusi akapata maonyesho yake ya kwanza ya peke yake Marekani, kwenye galari ya mpiga picha mwenzake Alfred Stieglitz, iliyoitwa 291, hapohapo New York. Steichen alikuwa na nyumba yenye bustani kijijini Voulangis, nje ya Paris, basi 1920 Brancusi akaenda kumchongea Nguzo Isiyo na Mwisho kwa mti wa humohumo bustanini, zaidi ya mita saba! MoMA wana Nguzo nyingine, ya 1918 ya mwaloni, mita mbili na kidogo, na ukiitazama vizuri utaona ni kipande kilekile kinajirudia, hivyo kuirefusha ilikuwa ni kuamua tu uishie wapi.

Patamu ni 1926. Steichen kanunua Ndege mmoja (sio huyu wa MoMA, ni ndugu yake), mzigo unashuka New York, na kwa sheria sanaa ilikuwa inaingia bila ushuru, watu wa forodha wanautazama wee wanasema hapa hakuna sanaa, wakamtia fungu moja na vyombo vya jikoni na vifaa vya hospitali, ushuru asilimia 40. Vyombo vya jikoni jamani!! Brancusi akafungua kesi, Steichen akapanda kizimbani kama shahidi, akaulizwa na jaji, ungemuona huyu porini ungempiga risasi? Akajibu hapana, ila akashikilia kwamba ni ndege, sio kwa kufanana, kwa ile hisia ya kuruka. Novemba 1928 wakashinda. Mimi hapo ndio namvulia kofia Steichen, maana mwingine angelipa tu ushuru abebe mzigo wake aende nyumbani.

Na baadaye huyuhuyu Steichen akaja kuwa bosi wa idara ya picha hapo MoMA, 1947 mpaka 1962, ndio aliandaa yale maonyesho makubwa ya picha ya 1955, The Family of Man, picha 503 kutoka nchi 68. Kwa hiyo ukimaliza kwa Brancusi pitia na picha, usiruke.

Mengineyo: watoto mpaka miaka 16 bure. Ijumaa jioni bure kwa wakazi wa jimbo la New York, ila foleni na msongamano ujiandae, kumzunguka Ndege kwa utulivu sahau. Bora ulipe uende asubuhi wanapofungua saa nne na nusu, uanzie juu wakati wengine bado wako chini wanaweka makoti. Kahawa kunywa kabisa nje, mtaa huo vigari haviko mbali na bei ni nafuu.

Nyota tano kati ya tano.