Uzoefu wangu na kituo cha GRE: nimekosa pointi mbili, wakanilipisha nianze moja

Nilikuwa nimeshaamua niwape nyota tatu yaishe, ila juzi nimeona kitu kwenye ukurasa wao nikasema hapana, hili naliandika. Nitafika huko.

Mi nilifanya GRE, ule mtihani wa kuombea Masters nje, nikapata 158 kwenye Quant, yaani sehemu ya hesabu. Programu ya Masters ya uchumi niliyokuwa naililia wameandika waziwazi wanataka walau 160. Verbal, ile ya Kiingereza, iko poa, insha iko poa, yaani pointi mbili ndo zimenizuia, na anayeujua ule mtihani anajua pointi mbili pale ni vimaswali vichache tu. Kurudia nako si bure, dola 220, hiyo ni laki tano na ushee, kwa hiyo sikutaka kurudi kichwakichwa. Mwenzangu mmoja kazini akanitajia kituo fulani hapa Dar, kiko ghorofani, wana bango kubwa kabisa eti ongeza maksi au urudishiwe hela yako. Nikaenda.

Sasa kabla ya kwenda mi nilikuwa nimeshafanya kazi yangu. Nilichukua zile pepa za mazoezi za bure za wenye mtihani wenyewe nikazipiga kwa saa, kila swali nililokosa nikaliandika kwenye daftari: nimejibu nini, jibu lenyewe nini, nilikuwa nawaza nini wakati najibu. Daftari likajaa. Na ukilisoma unaona kabisa tatizo si hesabu zote, ni yale maswali ya kulinganisha upande A na upande B kipi kikubwa, huko ndo maksi zilikuwa zinapotelea. Nilichotaka ni mtu anayejua akae na lile daftari nusu saa aniambie dada unakosea hapa na hapa. Basi. Sikutaka kingine.

Nimefika, dada wa mapokezi hata usoni hajaniangalia, kapokea laki nne na nusu yangu, kaandika risiti, kaniambia darasa Jumatatu jioni. Nikamwambia mi ni wa kurudia, nimekosa mbili tu, naweza kuonana na mwalimu kwanza? "Wote mnaanza pamoja." Na kozi yenyewe miezi mitatu. Miezi mitatu jamani! Mtihani unaruhusu urudie baada ya siku 21, maombi yangu yanafungwa Desemba, halafu we unanianzishia asilimia na uwiano kama ndo nimetoka darasa la saba jana.

Hayo yote ningesamehe. Nisichosamehe ni ile Jumatatu.

Mwenye kituo ndo mwalimu mkuu, mtu mzima, suti, anaongea taratibu. Darasa lilipoisha nikamfuata mbele, nikamwamkia vizuri, shikamoo mwalimu, nikamkabidhi daftari, nikaanza kumweleza. Hakulifungua. Alilishika kwa vidole viwili akalinyanyua juu, watu bado wamekaa wote, akasema, "Jamani, binti huyu kaja na makosa yake kwenye daftari kama mjamzito na kadi ya kliniki." Darasa zima likaangua kicheko. Na mi nikacheka, sasa ningefanyaje. Akanirudishia akamalizia, "Mwenye msingi hakosi mbili. Umekosa mbili kwa sababu msingi huna. Kaa, tunaanza mwanzo."

Mwenye msingi hakosi mbili! Mi nina digrii ya uchumi, hesabu ndo zinazonilisha mjini, eti msingi sina, na huyo anayesema hivyo hajafungua hata ukurasa mmoja. Nilipanda daladala naisikia ile sentensi, nikaoga naisikia, nimelala nayo wiki nzima.

Na tuseme basi angekuwa anafundisha. Handauti zake fotokopi ya fotokopi, maandishi yameanza kupauka, na ndani kuna maswali ya vinyume vya maneno na analojia, vitu vilivyotolewa GRE tangu 2011. 2011! Halafu kuna insha ya kuchambua hoja ya mtu, ambayo nayo imeondolewa Septemba 2023 walipoufupisha mtihani ukawa chini ya saa mbili. Sisi tumekaa jioni nzima, feni inalia, tunaandika insha ambayo haipo. Nikanyoosha mkono kwa adabu zote, nikasema mwalimu samahani, mi nimetoka kuufanya juzijuzi, hii haikuwepo. Jibu lake: "Kadi ya kliniki imeongea." Hilo ndo likawa jina langu pale, hadi kwenye grupu la WhatsApp kuna watu walikuwa wananiita hivyo, watu hata siwajui.

Sasa haki ya mtu mpe. Kuna kijana pale, msaidizi, ndo anasahihisha mazoezi, na sidhani kama wanamlipa cha maana. Siku hiyo natoka akanifuata kwenye ngazi, "Dada, lile daftari naweza kuliona?" Tukakaa palepale kwenye ngazi. Akafungua akakuta swali moja: umeambiwa x ni kubwa kuliko sifuri, upande A ni x mraba, upande B ni x. Mi nimejibu A bila hata kufikiria, kwa sababu kichwani nimeweka mbili, nimeweka tatu, A inashinda. Akasema weka nusu. Nusu mara nusu robo, B imeshinda. Weka moja, zimelingana. Kwa hiyo jibu ni D, haijulikani. Akafunua ukurasa mwingine, yaleyale, mwingine, yaleyale, kila mahali naweka namba nzima chanya tu, sifuri siigusi, hasi siigusi, sehemu kama nusu siigusi. Akacheka kidogo akaniambia, "Dada, hapa una kosa moja, umeliandika mara nyingi tu."

Akaniuliza na muda naugawaje. Nikamwambia sekisheni ya kwanza ya Quant, maswali 12 dakika 21, huwa nakutana na moja gumu naling'ang'ania hata dakika tano. Akasema hapo ndo unajiua, ndani ya sekisheni maswali yote yana uzito sawa, hilo gumu halikupi zaidi ya jepesi, na ukiivuruga sekisheni ya kwanza ya pili unaletewa nyepesi, na ukishaletewa nyepesi hata uipate yote juu hufiki. Weka alama, ruka, rudi ukimaliza. Na usiache tupu, kukosa hakukatwi maksi.

Nusu saa. Kwenye ngazi. Ile ndo laki nne na nusu yangu yote.

Kwa hiyo hapo ndo nikawa sijui niwashauri watu nini. Niseme msiende, kijana yuko pale. Niseme nendeni, mtamkuta mzee mbele. Nikaacha kuhudhuria, nikakaa nyumbani na kosa langu moja, kila swali la kulinganisha najiuliza vipi sifuri, vipi moja, vipi nusu, vipi hasi, mpaka ikawa inakuja yenyewe. Nikarudia. Skrini ikaleta 163. Nilitoka nje nikampigia mama nalia hadi akadhani nimepata ajali. Moyo ukapoa, nikasema basi, nyota tatu, mbili za kijana na moja ya choo chao maana kilikuwa kisafi kweli.

Halafu juzi ndo naona tangazo lao jipya. Picha yangu! Wameitoa sijui wapi, nadhani kwenye profaili yangu, na maandishi makubwa ya njano: "KUTOKA 158 HADI 163. Hongera binti yetu. Matunda ya MSINGI IMARA." Msingi imara! Matokeo nilimtumia kijana peke yake kumshukuru, labda alifurahi akawaambia, yeye simlaumu. Nikampigia mzee, nikamwamkia (mama yangu kanilea), nikamwambia mwalimu hiyo picha sikuruhusu naomba muitoe. Akasema, "Si umefaulu binti? Sasa unalalamika nini?" Akakata.

Nyota tatu nimefuta. Moja, na hiyo ni kwa sababu hamna sehemu ya kuweka sifuri. Yule kijana kaka yangu samahani, zako ziko kwangu, nikisikia umefungua cha kwako naleta watu mwenyewe. We uliyekosa kidogo kama mimi, kabla hujatoa hela mpe mwalimu daftari lako uone kama atalifungua, asipolifungua shuka ngazi. Na hiyo picha mpaka naandika hapa hawajaitoa, wameongeza na namba ya kulipia.