Unataka kuhamia laptopu ya kampuni nyingine? Nimezipanga hapa, kuanzia ya kuchukua mpaka ya kuiacha dukani

Hinji ya kushoto iliachia siku duka limejaa wanafunzi wanaprinti ripoti za fildi. Nafunua laptopu nasikia kah, kioo kikalala upande, plastiki ya pembeni imepasuka na skrubu imetokeza nje, na mtoto wa watu kasimama hapo na flashi yake anasubiri kurasa 64 na bainding. Ile kazi niliimalizia nimeegemeza kioo kwenye rimu ya karatasi. Kampuni yenyewe siitaji, ila jioni ile niliapa kwao sirudi, na wiki mbili zilizofuata nilikuwa nauliza kila mtu, nasoma kila kitu, Kariakoo nimeenda mara mbili kutoka huku Morogoro, kwa hiyo haya nayoandika ni ya mtu aliyeko pale nilipokuwa mimi, una kama laki 7 mpaka 9 mkononi, una hasira na laptopu yako, na hutaki kukosea tena.

Aliyenituliza ni fundi wangu wa Msamvu. Akaniambia, mama, wewe usihame kampuni, hama daraja. Sikumwelewa mpaka alipoweka mezani laptopu mbili za kampuni moja na kuzifungua zote chini nione. Ya kwanza hinji imeshikwa na skrubu zinazoingia kwenye vikopo vidogo vya shaba vilivyogandishwa kwenye plastiki, yaani kila ukifunua kifuniko unavuta vile vikopo, siku ikifika vinang'oka na plastiki yake. Ya pili hinji imefungwa kwenye fremu ya chuma. Nembo ni ile ile, nyumba mbili tofauti kabisa.

Ndo hivyo, karibu kila kampuni ina za nyumbani na ina za ofisi. Za nyumbani ni kama IdeaPad kwa Lenovo, Inspiron kwa Dell, Pavilion na HP 15 kwa HP. Za ofisi ni ThinkPad, Latitude na EliteBook. Hizi za ofisi mpya bei yake mtu wa kawaida hashiki, lakini makampuni ya Ulaya na Marekani huzitumia miaka mitatu minne hivi halafu zinatolewa kwa mkupuo, na hizo ndo nyingi tunazoziona kwetu kama mtumba. Mtu anayetoka HP 15 kwa hasira akaingia IdeaPad amehama chumba tu, nyumba ni ile ile inayovuja.

Kabla ya orodha kuna jambo la prosesa, ile chipu inayofanya kazi zote za kompyuta, na hili usilipite. Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inataka prosesa ya kuanzia jenereshi (kizazi) ya 8. Winga atakwambia "bosi hii ni i7" na wewe utaona i7 kubwa kuliko i5, kumbe i7 yenyewe ni ya jenereshi ya 4. Angalia namba inayofuata baada ya kistari: i5-8350U ni ya 8, i7-4600U ni ya 4, na ukiona tarakimu tano kama i5-10310U hiyo ni ya 10. Halafu jenereshi ya 8 kwenye hizi laptopu nyembamba za ofisi ndo Intel walitoka kori 2 (kori ni kama kichwa kimoja cha kufanyia kazi ndani ya prosesa) wakaenda 4, kwa hiyo i5 ya 8 inaikimbiza i7 ya 7 bila shida. Zipo njia za kulazimisha Windows 11 kwenye mashine ya zamani, ila Microsoft wenyewe wanasema hawakuhakikishii apdeti, na mimi duka langu linashika vyeti na vitambulisho vya watu, siwezi kubahatisha.

Haya, orodha sasa.

Namba 1 kwangu ni Lenovo ThinkPad T480, ya 2018, na ndo niliyonunua. Sababu kubwa ni betri. Ina betri mbili, moja ya ndani na moja ya nje unayoichomoa kwa kusukuma vifungo viwili chini, na ukichomoa ya nje ile ya ndani inashikilia kazi, kwa hiyo umeme ukikatika nachomoa iliyoisha nachomeka nyingine na Word bado iko wazi. Kwa mtu wa steshenari hicho kitu hakina bei. RAM, ile kumbukumbu ya kufanyia kazi, ina nafasi mbili, unaanza na 8GB, ukipata hela unaongeza mwenyewe. Kibodi ni tamu sana kuchapa, na kile kidude chekundu katikati ya herufi kimekuwepo tangu ThinkPad za IBM za 1992, Lenovo walinunua biashara ya kompyuta za IBM 2005 na hawakukiondoa. Ubaya wake pia nauweka wazi. Vioo vingine ni vya 1366 kwa 768 tena hafifu, kaa nacho kwenye mwanga kabla hujalipa. Kitufe cha Fn kiko pembeni kabisa pale vidole vyako vinapotafuta Ctrl, wiki ya kwanza kila nikitaka kukopi nabonyeza Fn, mpaka nilipoambiwa kwenye BIOS, ile menyu ya mashine kabla Windows haijawaka, kuna sehemu ya kuvibadilisha vikapishana. Na ule mdomo wa USB-C unaochajia, Lenovo walitoa apdeti ya programu ya ndani kwa mashine za miaka ile kwa sababu bila hiyo mdomo unaweza kugoma, mwambie fundi aifanye siku hiyo hiyo.

Namba 2 ni Dell Latitude, 7490 au ndugu yake 5490. Kama T480 nzima hukuipata, chukua hii bila majuto. Raha ya Dell ni ile namba ya herufi 7 iliyobandikwa chini, unaiingiza kwenye tovuti yao unaona mashine ilitoka kiwandani na kitu gani, kwa hiyo muuzaji akisema ni oriji unamwangalia tu. Cha kuangalia ni chaja. Ile chaja ya duara ina kisindano katikati kinachoitambulisha kwa mashine, ukiweka feki isiyotambulika laptopu inaweza kuwaka lakini betri haijai na prosesa inajipunguza kasi, mtu anadhani kauziwa mashine nzito kumbe ni chaja. Kama una chaja nzuri ya USB-C ya wati 65 hilo limekwisha.

Namba 3 HP EliteBook 840, ila iwe G5 kwenda mbele. G3 ni jenereshi ya 6, G4 kwa kawaida ni ya 7, na zimejaa madukani kwa bei inayotamanisha. Nzuri kwa macho kuliko zote, bodi ya aluminiamu, spika zina sauti. Nimeiweka ya tatu kwa sababu moja ambayo pengine wewe haikuhusu, baadhi zina kioo cha Sure View, kile cha kuzuia mtu wa pembeni asisome. Ofisini benki ni kitu kizuri. Mimi mteja wangu anakaa pembeni yangu anahakiki jina lake na namba ya kidato cha nne kabla sijatuma maombi, akiona kiza ananiuliza mama mbona umezima. Iangalie ukiwa mbele yake, kisha hama ukae upande, utajua ina au haina.

Namba 4 MacBook Air ya M1, iliyotoka Novemba 2020. Najua kuna watu watanikasirikia kuiweka chini hivi. Kama kazi yako ni kuandika, kuedit video, kukaa safarini, ipandishe mpaka namba 1, kwa sababu haina feni kabisa, haipigi kelele, na betri Apple wenyewe wanaitangaza saa 15 za kuperuzi na kwa siku ya kazi inatosha kweli. Lakini RAM yake na hifadhi haviongezeki milele, ukinunua ya 8GB utazeeka nayo ya 8GB. Ina midomo miwili tu ya USB-C, wateja wangu wote wanakuja na flashi za kawaida, kwa hiyo adapta iwe mezani muda wote. Na Publisher, programu ya Microsoft ya kupangia kadi na vipeperushi, haipo kwenye Mac, kadi za mchango wa harusi ninazotengeneza kwa Publisher zote zingenilazimu kujifunza upya. (Hata hivyo Microsoft wameshasema Publisher inafungwa Oktoba 2026, kwa hiyo sisi wa kadi tuanze kuhamisha kazi zetu mapema, kompyuta yoyote uliyonayo.) Mac ya mtumba ina hatari nyingine, ikiwa mwenyewe wa zamani hakuiondoa kwenye akaunti yake umenunua sinia. Ifutwe na kuwashwa upya mbele yako mpaka ifike kwenye meza ya mwanzo, na isiombe akaunti ya mtu wala kusema ni mali ya kampuni fulani.

Namba 5, laptopu mpya ya bei ya chini, ya kampuni yoyote ile. Nisikilize hapa, kwa sababu ndo inayowaumiza wazazi wengi wanaonunulia watoto wanaoenda chuo. Inang'aa, iko kwenye boksi, ina nailoni, moyo unatulia. Ukigeuza boksi unakuta Celeron, RAM 4GB iliyochomelewa kwenye bodi, hifadhi ya 64GB ya aina ya eMMC ambayo Windows peke yake inaila nusu. Mwezi wa sita tangu ununue, mtoto anapiga simu haifunguki. Kitu pekee cha maana hapo ni waranti, basi uliza waranti inashughulikiwa wapi hapa nchini, akikujibu kwa kuzungukazunguka maana yake hamna.

Na kubaki ulipo nako kumo kwenye orodha, sijui kwa nini watu hawakuweki. Kama laptopu yako ni jenereshi ya 8 au zaidi na tatizo ni kwenda polepole, angalia kama bado inatumia diski ya kuzunguka. Kuweka SSD, hifadhi ya kasi isiyozunguka, na kufikisha RAM 8GB ni sehemu ndogo ya bei ya laptopu nyingine, nimeona mashine iliyokuwa inawaka dakika nne inawaka kabla hujavuta kiti. Betri imekufa? Badilisha betri. Mimi nilihama kwa sababu yangu ilikuwa ya jenereshi ya 5 na hinji ilishapasua kava, ingekuwa kimoja tu kati ya hivyo ningebaki.

Ukifika dukani, iwe Aggrey kule Kariakoo au kwa jamaa wa mtaani kwako, usiruhusu haraka. Fungua ile dirisha nyeusi ya amri (Command Prompt), andika powercfg /batteryreport, itakutengenezea ripoti, humo kuna namba mbili, uwezo wa betri ilipozaliwa na uwezo wake wa leo. Ya ndani ya T480 ilizaliwa na kama 24,000 (mWh), niliyoonyeshwa kwanza ilikuwa imebaki 11,000, nikairudisha, ya pili ilikuwa 19,000 nikakubali. Zima uwashe uingie BIOS, ikikuomba paswedi usiyopewa iache hapo hapo, kuitoa kwenye mashine za ofisi ni kazi ya kubadilisha chipu au bodi. Bonyeza kila herufi ya kibodi. Inua kifuniko kwa kidole kimoja ukisikiliza. Wasiliana na mtu kwa video uone kamera na maiki. Na kwenye risiti waandike siriali namba iliyo chini ya mashine, si neno laptopu tu, mimi nilimwomba anayeandika aisome kwa sauti nami nikawa nafuatisha kwa kidole herufi moja moja, foleni nyuma yangu ikanung'unika, nikawaacha wanung'unike.