Difu ipi ununue kwa gari la kudrifti: aina nne, kutoka bora hadi ya kuepuka

Tazama Altezza yenye difu ya kawaida ikijaribu kudrifti, yaani kupita kona huku mkia wa gari ukiteleza kwa makusudi. Mkia unatoka vizuri, tairi la nyuma la upande wa ndani wa kona linapiga moshi, halafu ghafla gari linajinyoosha lenyewe. Dereva anadhani amekosea usukani, kumbe hajakosea. Kwenye kona uzito umehamia upande wa nje, tairi la ndani limekuwa jepesi, na difu ya kawaida haiwezi kulipelekea tairi la nje nguvu kubwa kuliko ile ambayo la ndani limeweza kuishika. Umewahi kuona lori limekwama kwenye tope, gurudumu moja likizunguka bure mpaka dereva abonyeze difu loku? Basi umeshaelewa kazi ya LSD (limited slip differential), difu inayozuia gurudumu moja lisizunguke bure. Tunataka magurudumu yote mawili yazunguke pamoja, yateleze pamoja, na yabaki hivyo kona nzima.

Mpangilio huu ni wa mtu anayedrifti kwenye kiwanja kilichofungwa wikendi, na Jumatatu gari hilohilo linampeleka kazini. Kama gari lako linabebwa kwenda kiwanjani na kurudi, ya kwanza na ya pili zinaweza kubadilishana nafasi.

Kabla ya kutoa hata shilingi, jua uliyonayo. Inua magurudumu yote mawili ya nyuma, weka nyutro, zungusha moja kwa mkono. La pili likienda upande wa kinyume kwa wepesi, mara nyingi ni difu ya kawaida. Likienda upande uleule, una LSD ya pleti, au kuna mtu aliichomelea kabla yako. Ila jihadhari: Torsen, ile LSD ya gia tupu iliyo namba tatu hapo chini, nayo inaweza kuzunguka kinyume kama difu ya kawaida, kwa hiyo usiihukumu kwa kipimo hiki peke yake. Soma kibati cha gari chenye msimbo wa ekseli, au fungua mfuniko utazame kwa macho.

1. LSD ya pleti, ya njia mbili

Hii ndiyo ya kununua. Ndani yake kuna pleti za klachi zilizopangwa kama sahani kabatini. Ukikanyaga mafuta, pini ya gia ndogo inapanda kwenye mteremko uliochongwa kwenye pete mbili zilizo ndani ya kasha, inazitenganisha, pleti zinabanana na magurudumu yanafungana. Kwenye boksi utaona maandishi 1-way, 1.5-way au 2-way. Ya njia moja inafunga unapokanyaga mafuta tu. Ukiachia, inafunguka, na mkia unakuponyoka kati ya kona na kona. Usiinunue kwa drifti. Ya njia mbili inafunga unapokanyaga na unapoachia, hivyo gari linafanya kilekile ulichotarajia hata unapolirusha kutoka kushoto kwenda kulia. Ya njia moja na nusu inafunga kwa upole ukiachia mafuta, na mimi ningemshauri aichukue mtu anayeendesha gari lake kila siku kwenye mvua.

Cusco, KAAZ na OS Giken ni majina ya kuaminika kutoka Japani. (KAAZ wanatengeneza pia mashine za kukatia nyasi, lisikutie shaka.) Nissan wana Nismo, Toyota wana TRD. Mpya kwa kawaida inazidi dola 1,000 kabla ya usafiri na ushuru, na najua hizo ni pesa nyingi. Lakini pleti zikiisha unanunua pleti, hununui difu nyingine. Ndiyo maana ukipata ya mtumba, swali la kwanza kwa muuzaji liwe hili: pleti zake bado zinapatikana? Kama hajui, tafuta mwenyewe kabla ya kulipa.

Utasikia kelele. Ukikata kona kali taratibu kuingia sheli, nyuma itagonga ga-ga-ga na tairi litalia kidogo. Hiyo ni kawaida yake, usimpelekee fundi.

2. Difu ya kuchomelea

Watu wengi wanaanzia hapa, nami nilianzia hapa. Fundi anafungua difu, anachomelea gia ndogo za ndani zishikane, basi: magurudumu yamefungwa moja kwa moja. Gharama ni sehemu ndogo tu ya bei ya LSD, na kwa kujifunza drifti hakuna inayokupa mkia unaotabirika kwa pesa hiyo.

Lakini kazi ya kuchomelea ndiyo kila kitu. Chuma cha difu kimelowa oili kwa miaka. Kisiposafishwa kwa petroli na kupashwa moto kwanza, oili inachemka ndani ya weldi, inatoa mapovu meusi, na ukipoa unabaki na kitu kilichoshikana kwa juu tu. Yangu ya kwanza haikusafishwa. Wikendi ya tatu nikasikia tak, tak, tak ikifuata mwendo wa magurudumu. Tulipomwaga oili, kikatoka kipande cha weldi ukubwa wa punje ya muhindi, na krauni, ile gia kubwa ya difu, ilikuwa imeshapoteza meno mawili. Tangu siku hiyo nasimama pembeni ya fundi mwanzo mpaka mwisho, nahakikisha bearingi zimefunikwa cheche zisiingie, na nataka kuona weldi imezama mpaka chini ya meno.

Chomelea difu ya akiba uliyonunua kwa ajili hiyo, ya kwako ihifadhi. Na usiendeshe gari la namna hii barabarani wakati wa mvua. Kwenye mzunguko wenye maji tairi za nyuma zinabishana zenyewe kwa zenyewe, na mkia unatoka bila kuombwa, mbele ya bodaboda na watembea kwa miguu. Shafti nazo zinateseka kila unapopaki.

3. Torsen

Difu ya gia tupu, haina pleti za kuisha, kimya, na inadumu. Utaikuta kwenye Altezza RS200 nyingi, na kwenye Mark II na Chaser Tourer V za giaboksi ya mkono. Barabarani ni tamu kuliko zote hizi. Udhaifu wake uko kwenye hesabu: inachukua mshiko wa tairi dhaifu na kuuzidisha mara kadhaa ili kulipa lenye nguvu. Tairi la ndani likinyanyuka au likipanda ukingo wa kona, mshiko ni sifuri, na sifuri ukiizidisha inabaki sifuri. Kama gari lako lilikuja nayo, jifunzie nayo mwaka mzima. Kuinunua makusudi kwa ajili ya drifti, hapana.

4. Ya viskasi

Nissan Silvia S13 na S14 nyingi zilikuja nayo. Inategemea majimaji mazito ya silikoni, na baada ya miaka 30 yameshachoka. Usilipe nyongeza kwa sababu muuzaji amekwambia "ina LSD".

Ukishachagua, linganisha vipimo. Nissan ina R180 na R200, namba ikimaanisha kipenyo cha krauni kwa milimita, na flenji za shafti kuna za boliti tano na za boliti sita. Mark II zina difu ndogo na kubwa. Hesabu meno ya krauni na ya pinioni (gia ndogo inayoizungusha krauni) ya difu yako, gawanya, uhakikishe uwiano ndio unaoutaka, kwa maana difu ya mtumba haibebi cheti.

Ya pleti ikifungwa, usiende kiwanjani siku hiyo. Weka oili ya gia ya daraja la GL-5 iliyoandikwa kuwa ni ya LSD, nenda mahali penye nafasi, uchore namba nane taratibu kwa gia ya kwanza kwa karibu nusu saa, kushoto na kulia sawasawa, ukikanyaga na kuachia mafuta. Kisha mwaga oili ikiwa bado ya moto. Itatoka ya kijivu na inameremeta, ni unga wa pleti zilizokuwa zikizoeana. Weka mpya, na baada ya siku yako ya kwanza ya drifti ibadilishe tena.